Kwa boti kutoka Dar hadi Kilwa kupitia Mafia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wako waliopata boti juzi na hawajawahi kuishusha kusini mwa Kimbiji, na wako waliozoea bahari kubwa ambao hawajawahi kuona maji yakiondoka yote chini ya chombo kabla ya saa tano asubuhi. Majibu yanahusu njia ya ndani tu: Dar es Salaam, visiwa vya Kwale na Koma, mlango mpana kati ya delta ya Rufiji na Mafia, ghuba ya Chole, Songosongo, kisha Kilwa. Anayetaka kupita nje, mashariki ya Mafia, ana bahari nyingine kabisa na ukurasa huu hautamfaa sana.

Maji yenyewe yana kina gani?

Mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Huku kusini ni kinyume chake. Kati ya Rufiji na Mafia unaweza kusafiri nusu siku nzima ukiwa na mita kumi au ishirini chini yako, halafu ghafla ukakuta fungu la mchanga au mwamba ambao maji yakipwa unakuwa mkavu, na wavuvi wanatembea juu yake wakitafuta pweza. Ndani ya ghuba ya Chole, iliyozungukwa na Utende, Chole, Juani na Jibondo, sehemu kubwa hubaki mchanga na majani bahari ikiondoka, na kati ya Chole na Juani watu huvuka kwa miguu.

Kwa hiyo swali la kina halina jibu bila kutaja saa. Pahala pale pale ambapo asubuhi mtoto anaokota kome, jioni jahazi lenye shehena linapita.

Nisafiri wakati wa bamvua au wakati wa maji mafu?

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana; maji mafu ni siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo. Wengi watakwambia maji mafu, kwa kuwa mkondo ni mpole na bahari haiondoki sana. Mimi nasema bamvua, na sababu ni jua.

Katika pwani yetu bamvua ina tabia ya kudumu: maji hupwa mwisho kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Maana yake ni kwamba kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, wakati jua liko juu na unaona kila jiwe chini ya maji, bahari inajaa. Umeshaiona miamba ikiwa wazi asubuhi, umeichora kichwani, na ukigusa chini, maji yenyewe yatakuinua baada ya muda mfupi. Maji mafu yamegeuzwa: hujaa kama saa nne asubuhi, na mchana kutwa, saa zako nzuri za kuona, bahari inakuondokea. Ukipanda fungu saa saba mchana siku ya maji mafu, jiandae kukaa hapo mpaka giza liingie.

Bamvua ina ubaya wake. Mikondo kwenye milango huwa mikali, na ukipanda mwamba maji yakiwa yamejaa kabisa, mambo ni mazito (tutafika huko). Kwa kupita kwenye mlango wenyewe, kama ule wa Kinasi unaotoka Chole kwenda bahari kuu, au kwa kupiga mbizi, hapo maji mafu yanashinda.

Huhitaji programu ya simu kujua kama ni bamvua au maji mafu. Bamvua huja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Maji mafu ni kama siku ya saba, ya nane, na tena ya ishirini na mbili hivi tangu mwezi kuandama. Anayefuata kalenda ya Kiislamu analo jibu ukutani. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Nitajuaje kama maji yanatosha kupita juu ya fungu?

Kwa hesabu ya darasa la nne na jedwali la maji la Dar es Salaam, ambalo kwa upande wa Mafia halipishani sana na hali halisi.

Tuchukue siku ya bamvua. Jedwali linasema maji yatapwa saa 4:10 asubuhi yakiwa mita 0.3, na yatajaa saa 10:20 jioni yakiwa mita 3.9. Tofauti ni mita 3.6. Maji hayapandi sawasawa: saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili ya tofauti hiyo, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa siku yetu ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30.

Sasa fungu lako kwenye ramani limeandikwa kwamba likiwa kavu huinuka nusu mita juu ya sifuri ya ramani, yaani kiwango cha maji yaliyopwa sana. Boti yako inazama mita 1.2. Unataka akiba ya nusu mita chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), maana kuna mawimbi na ramani ni ya zamani. Jumla unahitaji maji ya mita 2.2. Saa 5:10 yatakuwa 0.6. Saa 6:10 yatakuwa 1.2. Saa 7:10 mchana yatakuwa 2.1. Subiri mpaka saa 7:20, pita polepole, na jua bado liko juu ya kichwa.

Angalia pia kwamba kati ya saa 6:10 na saa 8:10 maji yamepanda karibu mita mbili. Huo ndio wakati mkondo unakimbia kuliko saa zote. Boti yenye injini dhaifu inaweza kusukumwa kando ya njia bila nahodha kuhisi, maana omo, yaani mbele ya boti, bado inaelekea kule kule.

Simu yangu ina ramani ya bahari. Haitoshi?

Haitoshi, ingawa ibebe. Ramani za pwani hii zilianza na upimaji wa Waingereza: Owen na meli zake miaka ya 1820, kisha Wharton miaka ya 1870. Walipima kwa bildi (risasi ya kupimia kina) na kamba, na kwa kazi ile walistahili heshima. Lakini sehemu nyingi za maji haba hazikupimwa tena kwa ukaribu, mafungu ya mchanga huhama, na nukta ya GPS inaweza kukuonyesha uko juu ya nchi kavu wakati unaelea. Rangi nzuri kwenye kioo humfanya mtu aamini kwamba data ni mpya.

Picha za setilaiti zina manufaa kuliko ramani kwa maeneo kama Chole na Songosongo. Zipakue kabla hujaondoka Dar, kwa sababu mtandao wa simu hupotea njiani. Kipima kina cha umeme nacho kinakwambia kilichoko chini ya boti, si kilichoko mbele; ukiliona namba linashuka, mara nyingi umeshachelewa.

Vitu viwili vya kizamani bado vina kazi. Upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) uliochorwa alama za rangi kila nusu mita, mikononi mwa mtu aliyesimama gubetini, mbele kabisa ya boti, hujibu haraka kuliko mashine. Na bildi: paka grisi chini ya risasi kabla ya kuitosa. Ikipanda imeshika mchanga, hapo ni pahala pa nanga. Ikipanda na tope jeusi, nanga itashika lakini utaosha mnyororo kwa saa nzima. Ikipanda safi na mkwaruzo mpya, chini kuna mwamba; nenda kwingine.

Rangi za maji zinasomwaje?

Buluu iliyoiva ni kina. Ikipauka kuelekea kijani, maji yanapungua. Kijani cheupe ni mchanga kwenye mita mbili tatu, na karibu nyeupe ni mchanga unaokaribia uso. Kahawia au manjano yenye madoa ni mwamba na matumbawe, hapo usiende. Doa jeusi ndilo linalosumbua, kwa sababu linaweza kuwa majani ya bahari yasiyo na madhara, mwamba, au kivuli cha wingu. Wingu hutembea, subiri dakika moja utajua. Majani kingo zake huwa laini, mwamba huwa na mpaka uliokatika.

Simamisha mtu pahala pa juu, avae miwani ya jua inayokata mng'ao, na jua liwe nyuma yake au utosini. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana unaona. Baada ya hapo ukielekea magharibi, bahari yote ni kioo. Wanaotoka Mafia kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara, jioni wanalijua hilo.

Kuna mahali ambapo kanuni hizi zote hazifanyi kazi: upande wa Rufiji. Mto ukijaa masika, Machi hadi Mei, maji ya delta huwa rangi ya chai ya maziwa maili nyingi nje, na mwamba wa nusu mita hauonekani. Hapo rudi kwenye upondo, mwendo wa kutembea, na maji yanayojaa.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Februari, humsukuma anayeshuka kusini, na mchana mwingi bahari ya ndani inatulia. Novemba pia ni nzuri ukivumilia manyunyu ya vuli. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na hukolea Juni hadi Agosti. Kuipiga goshi, yaani kwenda kinyume cha upepo, kutoka Dar hadi Mafia wakati huo ni adhabu, kwa kuwa mkondo wa bahari pia unakimbia kaskazini. Lakini anayerudi Dar kutoka Kilwa mwezi wa saba anafunguliwa njia. Ndivyo vyombo vya matanga vilivyofanya tangu hapo: kushuka na kaskazi, kupanda na kusi.

Septemba na Oktoba, kusi likilegea, mimi naona ndiyo miezi bora kuliko yote kwa njia ya ndani. Maji ya Rufiji yamesafika, mvua hakuna, na asubuhi kunapoa.

Na vimbunga?

Ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, ila nadra si kamwe. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi maeneo ya Mafia. Tazama miezi yenyewe: Aprili na Mei. Fuata taarifa za bahari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, baki bandarini hata kama anga ni safi.

Boti ya aina gani inafaa?

Inayozama kidogo na inayoweza kukaa chini bila kuumia. Mashua na dau za huku zimeundwa hivyo: maji yakipwa huegemea magadi (miti ya kuegemezea chombo) ufukweni na fundi anaingia chini kukalafati, yaani kuziba nyufa. Katamarani ni nzuri kwa sababu hukaa wima. Ngalawa inapita popote, ila haibebi mzigo. Boti ya fiba yenye injini ya nje ni rahisi kwa kuwa injini inainuka, japo wimbi la mlangoni huichosha.

Boti ya matanga ya Kizungu yenye mkuku wa mita mbili inaweza kufika Mafia na Kilwa, lakini si ndani kabisa ya Chole wakati wote. Usilazimishe.

Jambo dogo linalosahaulika: kwenye maji haba injini hunyonya mchanga na majani pamoja na maji ya kupoza. Tazama mrija wa kutokea maji kila baada ya muda. Ukiona maji yanatoka kwa kusuasua, zima kabla haijachemka.

Nitie nanga wapi, na kamba ndefu kiasi gani?

Kwenye mchanga. Usiitupe juu ya matumbawe: nanga inavunja kilichochukua miaka mingi kukua, na mara nyingi mnyororo unanasa usitoke.

Urefu upigwe kwa maji yaliyojaa. Umetia nanga asubuhi kwenye mita 3. Jioni zitakuwa 6 na nusu. Ongeza mita moja kutoka uso wa maji hadi gubetini, halafu zidisha mara tano: unahitaji karibu mita 38. Aliyeachia mita 15 kwa sababu "maji ni machache" ndiye anayeamka usiku yuko Juani.

Lakini urefu huo huo maji yakipwa unakupa duara pana la kuzunguka, na mkondo ukigeuka boti inageuka nayo. Kabla ya kulala, hakikisha duara lote lina maji ya kutosha, si pale ulipoangushia nanga tu. Kwale kuna kivuli kizuri cha kukinga upepo wa kusi upande wa bara. Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, hakuna kivuli cha maana kwa upepo wa magharibi, na ufukwe unakauka mbali, kwa hiyo kaa nje na ushuke kwa kidau.

Nimepwelewa, boti imekwama chini. Nifanye nini?

Kwanza tazama saa. Kama maji yanajaa, zima injini, tupa nanga ili usisukumwe mbele zaidi, keti. Hakuna kingine.

Kama yanapwa, una dakika chache tu. Rudi nyuma kwa njia uliyoingilia, maana ndiyo pekee unayojua ina maji. Wahamishe watu wote upande mmoja ili boti iiname na mkuku upungue kina. Shusha kidau, peleka nanga ya pili kwenye kina, vuteni kamba kwa mikono. Usikanyage mafuta ovyo: injini ikichimba mchanga inajijengea tuta. Kama kwa dakika kumi haijatoka, acha kupigana, jiandae kukaa.

Kukaa nako kuna adabu yake. Shuka, tazama chini kuna nini. Jiwe moja lenye ncha chini ya mbavu linatosha kutoboa. Weka magodoro, matairi, magunia ya mchanga, magadi kama unayo. Ilaze boti ikiegemea upande wa fungu ulioinuka, isielekee kwenye kina, la sivyo maji yakirudi yataingia kabla haijainuka. Funga matundu yote. Peleka nanga mbali kuelekea kwenye kina na uikaze, ili bahari ikirudi ikuvute nje badala ya kukupandisha zaidi.

Saa ya kutoka inahesabika: ukipwelewa saa mbili kabla ya maji kupwa mwisho, utaelea saa mbili baada yake. Kwa siku ya mfano wetu, aliyekwama saa 2:10 asubuhi anaelea karibu saa 6:10 mchana. Pika chai.

Balaa ni kukwama maji yakiwa yamejaa kabisa siku ya bamvua kubwa. Kila mjao unaofuata ni mdogo kuliko uliotangulia, na huenda ukangoja wiki mbili hadi bamvua nyingine. Ndiyo maana saa ya mwisho kabla ya kujaa hatupiti juu ya fungu lolote tusilolijua.

Naweza kusafiri usiku?

Njia ya ndani, hapana. Mataa ni machache na maboya mengine hayapo pale ramani inaposema. Zaidi ya hapo kuna nyavu. Jarife hutandazwa jioni, urefu wa mamia ya mita, likielea kwa chupa za plastiki bila taa, na likishaingia kwenye panga la injini hulitoi gizani kwa kisu cha jikoni. Karibu na pwani kuna pia nyando, zile nyuzio za fito za kutegea samaki, ambazo maji yakijaa huzama zikabaki ncha tu. Ukikata wavu wa mtu kwa bahati mbaya, mtafute umlipe. Habari husafiri kisiwa hadi kisiwa haraka kuliko boti yako.

Delta ya Rufiji inaingilika?

Inaingilika kwa boti ndogo na mtu wa pale pale. Ni msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini, wenye mito mingi inayofanana, na boriti zake zilijenga nyumba mpaka Arabuni. Kuna viboko na mamba, kwa hiyo usioge. Mbu ni wengi kiasi cha kufanya mazungumzo yasiwezekane. Ingia na maji yanayojaa, toka kabla hayajapwa nusu.

Ni kweli manowari ya Kijerumani ilijificha humo?

Ni kweli, na kisa chote ni cha kina cha maji. Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia deltani. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki nje miezi kadhaa zikiiangalia mikoko, kwa sababu zingekwama. Hatimaye zikavutwa kutoka Malta meli mbili, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito na kuzama kidogo sana. Mafia ilishatekwa Januari 1915, na ndege zilizoruka kutoka huko ziliwaonyesha wapiga mizinga wapi makombora yanaangukia. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake waliitoa, wakaikokota bara kuendelea na vita; mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Vibali gani vinahitajika?

Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa; kwa bara ni TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), kwa Zanzibar ni mamlaka yao ya usafiri wa baharini. Ghuba ya Chole na visiwa vyake viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye kilomita za mraba 822, na ada hulipwa langoni Utende, Mtanzania kiasi chake na mgeni chake. Visiwa vidogo vya Nyororo, Shungimbili na Mbarakuni ni maeneo tengefu, navyo vina masharti. Anayetoka nje ya nchi amalize uhamiaji na forodha kwenye bandari kubwa kwanza, asije akaanzia Kwale.

Kwenye kisiwa chenye kijiji, nenda kamwone mwenyekiti au kamati ya uvuvi kabla hujawasha moto ufukweni. Sehemu nyingine miamba hufungwa kwa miezi ili pweza wakue, na mgeni anayeonekana na mkuki kwenye mwamba uliofungwa hatapokewa kwa tabasamu.

Mafuta na maji ya kunywa?

Jaza Dar, ongeza Kilindoni, ongeza tena Kilwa Masoko. Visiwani kuna mafuta ya madumu kwa bei ya visiwani. Yachuje kwa kitambaa. Maji ya visima vya visiwa vidogo huwa na chumvi kidogo na wenyeji wenyewe hayawatoshelezi, kwa hiyo beba yako.

Potwe, wale papa wakubwa, wanaonekana lini?

Kuanzia Oktoba mpaka Machi, mbele ya Kilindoni, wakati mwingine karibu na ufukwe kabisa. Huja kula, na chakula hicho kinatokana kwa sehemu na rutuba inayoletwa na Rufiji. Zima injini mbali, usiwaguse, usiwazibie njia mbele. Boti zikiwa tatu kwa samaki mmoja, ondoka utafute mwingine. Nguva nao bado wapo kati ya Rufiji na Kilwa, wachache mno. Wengi wa wavuvi vijana hawajamwona hata mmoja.

Nikifika Kilwa niingie Kivinje au Masoko?

Masoko. Kivinje ni mji mzuri wenye majumba ya kale, lakini mbele yake ni tope na maji haba, na chombo hubaki mbali huku wewe ukitembea na viatu mkononi. Masoko ina bandari ya asili yenye kina, na ng'ambo ya maji kuna Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, iko juu ya genge, na ukiwa umetia nanga chini yake unaelewa mara moja kwa nini sultani alichagua pale: anaona kila tanga linaloingia.

Je, nimchukue nahodha wa kienyeji?

Ndiyo, angalau kwa safari ya kwanza, na hasa kwa kipande cha Mafia hadi Songosongo. Muulize Kilindoni au Jibondo. Wajibondo wanaijua miamba kwa majina ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Patana bei kabla ya kung'oa nanga, na hesabu nauli yake ya kurudi. Mpe usukani. Akikwambia "tungoje maji", usimwonyeshe simu yako. Akiwa mtu mzima mwite mzee au kapteni, mle pamoja, na kama ni Ijumaa panga safari isikatize swala.

Watoto?

Wabebe. Jaketi la kuokolea maisha kila mmoja, la saizi yake, livaliwe muda wote boti inapotembea. Kofia, maji mengi, na viatu vya mpira kwa kutembea maji yakipwa, kwa sababu samaki taa hujifukia mchangani na mwiba wake haujali umri. Akichomwa, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja au zaidi, halafu mpeleke hospitali ya wilaya Kilindoni au Kinyonga, Kilwa Kivinje, kutegemea mko karibu na wapi.